Maji ya Kuoshea Miguu

Katika kijiji cha Marina ya Montesalvo hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia ukweli mlinzi wa forodha, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda vizuri hivyo.

Chumvi ilikuwa mali ya serikali. Iliuzwa pamoja na tumbaku katika duka moja lenye nembo ya Mfalme mlangoni, kwa bei ambayo kibarua angeimudu siku za sikukuu tu. Na kwa kuwa bahari nayo ina chumvi, bahari nayo ilikuwa ya serikali. Kuchota maji yake ukaenda kupikia ni wizi, na mwizi alifungwa. Sheria iliacha upenyo mmoja tu: mgonjwa aliruhusiwa kuchotewa maji ya kuoshea miguu.

Basi kila asubuhi wanawake walishuka ufukoni na mitungi ya shaba kichwani, na Sajini Calogero, mtu wa visiwa vya kusini mwenye masharubu yaliyopakwa nta, aliwasubiri pale penye mawe.

"Ya nini hayo?"

"Ya miguu, Sajini. Mama mkwe miguu imemvimba."

"Jana pia ilikuwa imevimba."

"Leo imezidi."

"Mama mkwe wako ana miguu mingapi, jongoo yule? Haya, pita. Msalimie miguu."

Wanawake walicheka, naye alicheka. Maji yalikwenda nyumbani, yakachanganywa na ya kisima, na polenta, ugali wao wa mahindi, ikasongwa nayo. Kila mtu alijua. Hata yule sajini alijua, maana mke wake mwenyewe alipikia hayo hayo.

Palmira, mke wa Nazzareno mchimba kokoto, alikuwa mmoja wao. Tofauti yake na wenzake ni kwamba yeye uongo ule ulimkera. Alikuwa mtu wa kuchukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa jambo na mtu anayemheshimu, alilibeba siku nzima, akaligeuza huku na huku kama mtu anayechagua dengu.

Na tangu majira ya vuli mtu aliyemheshimu kuliko wote alikuwa Don Eligio, padri mpya. Don Eligio alikuwa mwembamba, mwana wa fundi viatu, na alikuja na barua ya Baba Mtakatifu kuhusu wafanyakazi. Kila Jumapili baada ya masifu ya jioni aliwakusanya watu katika sakristia, chumba cha mavazi ya ibada, akawasomea kipande kwa Kilatini, kisha akakieleza kwa lugha ya nyumbani. Wanaume walikaa kwenye mabenchi. Wanawake walisimama nyuma, karibu na kabati la kanzu.

"Kabla ya serikali kulikuwa na binadamu," alisema. "Na binadamu ameumbwa na njaa yake, na akili yake, na familia yake. Hakuna mfalme aliyemtungia hayo. Ndiyo maana ipo sheria iliyoandikwa ndani ya maumbile yetu, na sheria ya wanadamu ikiipinga hiyo, basi imepoteza jina la sheria."

Palmira aliuliza kutoka nyuma, mtoto akiwa kifuani. "Na maji ya bahari, Padri?"

Wanaume waligeuka. Don Eligio alitabasamu.

"Mwanangu, Mungu aliitoa dunia kwa watu wote. Bahari hata Mfalme mwenyewe hawezi kuizungushia ukuta."

Benchi zima likaangua kicheko, na Palmira akaona uso unamwaka kwa furaha. Jumapili iliyofuata padri alizungumzia ulimi: kwamba umeumbwa kwa ajili ya kweli kama jicho lilivyoumbwa kwa ajili ya mwanga, na kwa hiyo uongo, hata mdogo, hata wa kuokoa mtu, unakwenda kinyume cha maumbile. Hapo hakuna aliyecheka. Palmira alirudi nyumbani akiwaza miguu ya uongo ya kijiji kizima.

Wakati huo Nazzareno alikuwa ameshaanza kuumwa. Ngozi ya viganja ilimbanduka kama ganda la kitunguu, na alipoinama kuinua chepe alishikwa na kizunguzungu. Daktari alipopita alisema ni pelagra, ugonjwa wa wanaokula mahindi matupu, akaagiza nyama, divai na chumvi. Palmira alimshukuru. Kati ya hayo matatu, moja lilikuwa mbele ya mlango wake, linapiga mawimbi.

Asubuhi moja ya Machi alishuka kama kawaida, mtoto wake Ersilia amefungwa kifuani kwa shali. Mbele yake alikuwepo Settimia, jirani yake na mama wa ubatizo wa Ersilia, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza vitu, naye alikuwa amejifungua wiki mbili tu baada ya Palmira. Settimia alisema ya miguu, akapita. Sajini akamgeukia Palmira.

"Na wewe, wa miguu yupi?"

"Si ya miguu, Sajini. Ni ya kupikia polenta."

Sajini Calogero aliendelea kutabasamu kwa muda, kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Unasema?"

"Mume wangu anaumwa, anahitaji chumvi. Siibi. Bahari ni ya Mungu, ameitoa kwa watu wote. Sheria inayokataza haina jina la sheria."

Settimia alirudi nyuma akamfinya mkono. "Amelala vibaya, Sajini. Mtoto hamwachi alale. Ni ya miguu ya Nazzareno, wewe si unamjua Nazzareno?"

"Mwache aseme mwenyewe," sajini alisema. Kisha, kwa upole kabisa: "Bibi, rudia. Maji ni ya nini?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Palmira aliuona. Na kwa sababu aliuona, akasimama wima zaidi.

"Ya kupikia. Nina haki nayo kuliko wewe na Mfalme wako."

Askari vijana wawili waliokuwa zamu na sajini walikuwa wanasikiliza. Wanawake kumi na kitu walikuwa wanasikiliza. Uongo Sajini Calogero angeusamehe mpaka mwisho wa maisha yake, maana uongo ulimwachia yeye nafasi ya kusamehe. Lakini huyu hakuomba kusamehewa chochote. Sajini aliuchukua mtungi wa shaba, akaumwaga mchangani polepole, akamwandikia mashtaka.

"Na nyinyi," aliwaambia wengine, "kuanzia leo, asiye na cheti cha daktari chenye mhuri asinioneshe mguu wake hapa."

Askari wakapangwa ufukoni mchana na usiku. Mitungi ikarudi mitupu.

*

Don Eligio aliposikia, alitoka mbio bila kofia mpaka nyumbani kwa Palmira. Alimkuta anakoroga polenta isiyo na chumvi, Nazzareno amekaa kando ya moto amezifunga mikono yake kwa vitambaa.

"Umesema vile? Mbele ya sajini?" Macho ya padri yalikuwa yamejaa machozi. "Palmira, wewe mmoja umeelewa. Miezi sita nasema na mabenchi."

"Watanifunga, Padri?"

"Nitakuja mahakamani. Nitasema mbele ya hakimu yale yale niliyoyasema sakristiani."

"Basi umemponza na utamponya," Nazzareno alisema kutoka pale motoni. Hakuwa anatania, lakini padri alicheka kidogo kama aliyetaniwa.

Kilichomtisha Palmira si kufungwa kwenyewe. Ersilia alikuwa na miezi minne, na hakuwa na kingine cha kula ila titi la mama yake. Mwanamke aliruhusiwa kuingia gerezani na mtoto anyonyaye. Lakini gereza la wilaya lilikuwa na homa tangu Krismasi, na kichanga wa mwisho kuingia pale, wa mwanamke aliyeiba kuni, alitolewa ndani ya kisanduku cha sabuni. Kwa hiyo Palmira hakuomba haki ya bahari tena. Aliomba tu asifungwe, abaki nyumbani na mtoto.

Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua, na alitaka kuwahi chakula. Chumba kilijaa. Wanawake wa Marina walikuja wote, si kwa huruma.

Sajini alisoma mashtaka. Kisha Don Eligio akaapa, akasimama, akaanza vizuri sana. Alisema juu ya maumbile ya binadamu, na vitu vya dunia vilivyotolewa kwa wote kabla ya kugawanywa, na jinsi walimu wakubwa wa Kanisa walivyofundisha kwamba mtu aliye katika shida ya mwisho akichukua kinachomwokoa, hajaiba. Palmira alihisi joto lile lile la sakristiani.

Hakimu alipenga kamasi. "Mimi pia nilisoma kwa mapadri, Don Eligio. Nikumbushe. Shida gani?"

"Shida ya mwisho, Mheshimiwa. Pale ambapo uhai uko hatarini waziwazi."

"Si shida tu."

"Si shida tu. Wala si shida kubwa. Ya mwisho kabisa."

"Sawa. Na mtu huyu, mumewe. Asubuhi ile ya Machi, asingepata mtungi ule, angekufa?"



"Ni mgonjwa sana, Mheshimiwa."

"Nimekuuliza angekufa?"

"Asubuhi ile… hapana. Angedhoofika. Hii tunaiita shida kubwa."

"Basi hata kwa sheria yako wewe, huyu ni mwizi."

Watu wakacheka. Sajini Calogero alitazama kofia yake. Don Eligio alianza kueleza kwamba jambo lina pande nyingi, lakini hakimu aliinua mkono. Kisha yule mzee akamtazama Palmira, na mtoto anayenyonya chini ya shali, na saa ya ukutani, na uso wake ukalegea. Hakuwa mtu mbaya.

"Bibi," alisema, "mumeo ana vidonda miguuni?"

"Anavyo, Mheshimiwa. Miguuni na mikononi."

"Na maji ya bahari yanafaa kwa vidonda. Labda siku ile ulichanganyikiwa, hukulala, ukasema maneno uliyoyasikia mahali. Labda maji yalikuwa ya kumwosha miguu. Eh?"

Settimia aliitikia kwa kichwa kwa nguvu, kama anayemfundisha mtoto kuongea. Ersilia aliachia titi, akapumua, akalishika tena.

"Ndiyo, Mheshimiwa," Palmira alisema. "Yalikuwa ya miguu."

Lilitoka rahisi. Alishangaa jinsi lilivyotoka rahisi.

"Vizuri. Sajini, una neno?" Sajini alitikisa kichwa. "Don Eligio, wewe unaingia nyumba ile, na umeshaapa. Thibitisha tu, tumalize. Maji yalikuwa ya miguu?"

Palmira alimtazama padri wake. Hakuhitaji hotuba sasa. Neno moja lingetosha, au hata kichwa tu. Padri alikuwa amekuwa mweupe. Ilionekana wazi kwamba anateseka. Baadaye watu wa Marina walilikumbuka hilo na kusema, maskini, aliteseka.

"Don Eligio?"

"Aliniambia mwenyewe," padri alisema. "Yalikuwa ya kupikia."

Mtu mmoja nyuma alisema "Bikira Maria!" Hakimu alitazama karatasi zake kwa muda mrefu, sasa amekasirika, maana alikuwa ametoa kitu akarudishiwa usoni. Kwa wizi wa mali ya serikali, na kwa kudanganya mahakama, wiki sita. Aripoti gerezani Jumatatu.

Njia ya kurudi ilikuwa ya vumbi na ndefu. Don Eligio alitembea nyuma ya Palmira, kisha kando yake.

"Nilitaka kusema ndiyo," alisema. "Mungu anajua. Nilifungua mdomo, ulimi ukakataa."

"Ulimi wako umeumbwa vizuri, Padri."

"Usinichukie."

"Sikuchukii. Nitafutie titi."

*

Jumapili, baada ya Injili, Don Eligio aliomba kutoka altareni. Alisema kulisha mtoto mwenye njaa ni wajibu wa kwanza kabisa wa maumbile, uliokuwepo kabla ya sheria yoyote, hata wanyama wanaujua. Alisema yupo mtoto miongoni mwao atakayebaki bila maziwa, na kwamba wamo humu wanawake watatu wanaonyonyesha. Alisubiri. Wanawake watatu walitazama sakafu. Mmoja alisema, si kwa sauti ndogo, "Amnyonyeshe yeye mwenye wajibu." Ibada ikaendelea.

Jumatatu alfajiri Palmira alikwenda penye birika la kufulia, mahali wanawake wote walipokuwa asubuhi hizo. Ersilia alikuwa kifuani, ameshiba, amelala. Settimia alikuwa anapiga shuka kwenye jiwe.

"Somo," Palmira alisema, maana ndivyo walivyoitana tangu ubatizo.

"Nimekuona. Najua unachotaka."

"Wiki sita tu. Wewe una maziwa ya watoto wawili, ulisema mwenyewe. Ulimshika kwenye maji ya ubatizo."

"Nilimshika. Na sasa mume wangu naye ngozi inambanduka." Settimia hakuacha kupiga shuka. "Mwezi mzima tunasonga polenta kama gundi ya fundi. Mama yangu anaitema. Nani alitufungia bahari, Palmira? Sajini? Sajini alikuwa anatuuliza habari za miguu! Ni wewe na ulimi wako wa kanisani."

"Nisamehe."

"Mimi nikusamehe itanisaidia nini? Nimeongea na Sajini." Sasa aliliweka shuka chini. Wengine wote waliacha kufua. "Amesema hivi. Ukisema mbele yetu sote, na yeye akisikia, kwamba uliongopa, kwamba bahari ni ya Mfalme na wewe ulitaka kuiba, basi ataondoa askari wake. Tutarudi kwenye miguu yetu kama zamani. Ukisema hayo, namchukua mtoto sasa hivi. Usiposema, nenda naye ndani."

"Na apige magoti," akasema mwanamke mwingine.

"Magoti sikuambiwa."

"Apige. Mimi mtoto wangu ametokwa na vidonda."

Sajini Calogero alikuwa amesimama penye kona ya ukuta, amevua kofia, kama mtu aliyepita tu. Palmira alimwona. Alitazama mawe yaliyolowa kuzunguka birika, akapiga magoti, mtoto mikononi.

"Niliongopa," alisema. "Bahari ni ya Mfalme."

"Sisikii," sajini alisema. "Maji haya yana kelele."

Mtu akaziba mfereji kwa kitambaa.

"Niliongopa. Bahari ni ya Mfalme. Nilitaka kuiba."

Hapo ndipo Don Eligio alipokuja akishuka kutoka kanisani, pindo la kanzu ameliinua mkononi ili atembee upesi. Alikuwa ametoka kumtafuta nyumbani amsindikize gerezani. Alisimama, akaelewa, na wanawake wakampisha njia kwa heshima. Aliinama kando ya Palmira, akamwambia kwa sauti ya chini, sauti ya kitubio:

"Mwanangu, usiseme hivyo. Unajua si kweli. Mateso yatapita, lakini nafsi…"

Palmira aligeuza uso akamtazama. Alimtazama bila hasira, kama mtu anavyotazama mlango wa nyumba aliyokwisha kuhama.

"Bahari ni ya Mfalme," alimwambia. "Yote. Mpaka upande wa pili."

Sajini alivaa kofia yake. "Inatosha, jamani, inatosha," alisema, na sauti yake haikuwa nzuri. Akaenda zake ufukoni kuwaita askari.

Settimia alijipangusa mikono kwenye aproni, akainama, akamchukua Ersilia. Alikaa kwenye ukingo wa birika, akafungua vifungo. Mtoto aliamka, akalia mara moja, akatafuta kwa mdomo, akapata. Hakugeuka kumtafuta mwingine. Alinyonya kwa nguvu, ngumi moja imekaza juu ya kifua kile cheupe cha Settimia, na Settimia bila kujua akaanza kumtikisatikisa taratibu kama wake.

"Ana nguvu huyu," alisema. "Angalia anavyovuta."

Wanawake walikuwa wameshaanza kukusanya mitungi. Mmoja aliuliza leo aseme ya miguu ya nani, mwingine akamjibu ya shangazi yake aliyekufa, na wakacheka, kwanza kidogo, halafu sana, wakishuka mteremko.

Don Eligio alimnyooshea Palmira mkono ainuke. Palmira hakuuona, au hakuutaka. Alibaki amepiga magoti akisikiliza mtoto akimeza, na mbele ya gauni lake, pande zote mbili, madoa ya maji yalianza kutokeza na kupanuka. Alijifunika kwa shali. Maziwa yalipenya, yakadondokea mawe, yakatiririka kuelekea kwenye mfereji.